Kuchagua Mada ya Bahthi: Kasoro Tunazoziona na Njia ya Waliotutangulia

Sifa zote njema anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na Aali zake, Maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama ba'ad:

Kila mwaka, wanapokaribia kumaliza masomo yao, wanafunzi wa vyuo vyetu vya dini, pamoja na wale wanaosoma sharia na historia ya Kiislamu katika vyuo vikuu, hutakiwa waandike insha ya utafiti, ambayo wengi wetu tunaiita kwa jina lake la Kiarabu, bahthi. Baadhi ya insha hizo huishia kabatini. Nyingine hunakiliwa, hupigwa chapa kama vijitabu, husomwa misikitini, na maimamu huzitegemea wanapoulizwa maswali. Kwa hiyo insha ya mwanafunzi si jambo la mwanafunzi na mwalimu wake peke yao. Inaweza kuingia katika ndoa ya mtu, katika mirathi ya mayatima na katika nyumba ya wakfu.

Katika makala haya tunakusudia kuzikosoa insha hizi kwa upande mmoja tu, nao ni uchaguzi wa mada. Hatutamtaja mtu wala chuo, kwa sababu kasoro tunazozieleza zimeenea, na lengo letu ni nasaha. Tumeuchagua upande huu kwa kuwa tumeona kwamba makosa mengi ya ndani ya insha, kama vile nukuu zisizo na asili, madai ya ijmaa yasiyo na ukweli na hitimisho lisilotokana na hoja, mzizi wake uko kwenye jalada. Mada ikiwa mbovu, hata mwanafunzi hodari hushindwa.

Kasoro ya kwanza: mada isiyo na mipaka

Tazama majina haya: "Ndoa katika Uislamu", "Nafasi ya Mwanamke katika Uislamu", "Uislamu na Uchumi", "Historia ya Uislamu Afrika Mashariki". Kila moja ni bahari. Mwanafunzi amepewa kurasa 40 au 50 na miezi michache, naye ameahidi kutueleza jambo ambalo wanavyuoni wameliandikia mijalada.

Natija yake inajulikana kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Insha ya ndoa itaanza na maana ya ndoa katika lugha na katika sharia, kisha hekima ya ndoa, kisha nguzo, mahari, haki za mume, haki za mke, talaka na eda. Kila mlango utapata kurasa tatu. Katika kurasa tatu mwandishi hawezi kuifuatilia khilafu hata moja hadi mwisho wake, kwa hiyo ataifuta. Ataandika kwamba wanavyuoni wameafikiana juu ya jambo ambalo hawakuafikiana.

Tuchukue mfano wa walii. Tumesoma zaidi ya mara moja kwamba wanavyuoni wote wameafikiana kuwa ndoa ya mwanamke baleghe mwenye akili haisihi bila ya walii. Hiyo ndiyo kauli ya jamhuri, wakiwemo Mashafi'i ambao wengi wetu tunafuata madhhabu yao, na dalili zake ni nzito. Lakini madai ya ijmaa si kweli, kwani kauli mashuhuri ya Imam Abu Hanifa (Rahimahu Allaah) ni kwamba mwanamke baleghe mwenye akili anaweza kujifungisha ndoa mwenyewe, na walii ana haki ya kupinga iwapo mume si kufu yake. Hapa kwetu Afrika Mashariki wako Mahanafi, hasa miongoni mwa ndugu zetu wenye asili ya Bara Hindi. Imamu aliyeisoma insha ile akaiamini, akaja akaulizwa na watu wa nyumba ya Kihanafi, atawaambia nini? Huenda akaibatilisha ndoa iliyofungwa kwa kauli ya imamu mkubwa katika maimamu wanne, na akatia shaka juu ya nasaba ya watoto. Mwandishi hakukusudia hilo. Mada yake haikumwachia nafasi ya kusema neno "wamekhitalifiana" na kulieleza.

Upande wa historia hali ni hiyo hiyo. Insha ya "Historia ya Uislamu Afrika Mashariki" huanzia hijra ya Uhabeshi, ikaruka karne tano hadi kwenye maandishi ya msikiti wa Kizimkazi ya mwaka 500 Hijria (1107), ikamtaja Ibn Battuta aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ikawalaani Wareno katika aya moja, ikawataja Masultani wa Zanzibar, kisha ikafika kwetu. Msomaji hapati jambo ambalo hakulijua. Lau mwandishi angesimama mahali pamoja tu, kwa mfano kauli ya Ibn Battuta kwamba watu wa miji hiyo walikuwa wafuasi wa madhhabu ya Shafi'i, akauliza ni ushahidi gani mwingine tulio nao juu ya madhhabu ya watu wa pwani katika zama zile, tungejifunza kitu.

Kasoro ya pili: jibu linalotangulia swali

Kasoro hii ni ya hatari zaidi, kwa sababu huvaa kanzu ya ghera ya dini. Mwanafunzi huchagua mada ili kumshinda mtu. Tayari ana jibu, amelirithi kwa kundi lake au kwa mwalimu wake, na bahthi inakuwa kazi ya kulitafutia jibu hilo nguo. Hadithi inayomuunga mkono huitaja kwa sanad yake na waliyoisahihisha. Inayompinga haitaji kabisa, au huidhoofisha kwa neno moja.

Hatusemi kwamba Muislamu aingie kwenye utafiti bila ya itikadi. Misingi ya dini yetu haingojei bahthi ya mwanafunzi. Tunazungumzia masuala ya furu'u na ya tarekhe, ambayo watu wa elimu waliyatazama, wakakhitalifiana na wakaheshimiana. Katika masuala hayo, swali ambalo huwezi kupata jibu lake isipokuwa lile ulilokuja nalo halistahili kuitwa utafiti. Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 Hijria) aliandika risala ndogo mashuhuri, Raf'u al-Malaam, juu ya swali moja: kwa nini imamu mkubwa huacha kuifanyia kazi hadithi fulani? Akahesabu sababu kumi. Angeweza kuandika kitabu cha kuwalaumu waliokhitalifiana naye. Badala yake alichagua swali linalomlazimisha msomaji kuwadhania wema maimamu, na risala hiyo inanufaisha watu wa madhhabu zote hadi leo.

Kasoro ya tatu: mada ya kuazima

Wako wanaochagua mada kwa sababu tu imekwisha kuandikwa. Wameona bahthi ya Kiarabu, au wameitafuta kwenye intaneti, wakaihamisha kwa Kiswahili mlango kwa mlango pamoja na marejeo yake ambayo hawajayafungua. Siku hizi zimeongezwa programu za akili bandia, ambazo humwandikia mtu kurasa kumi kwa dakika moja, na zinaweza kumzulia kitabu ambacho hakikuandikwa na mwandishi ambaye hakuzaliwa. Katika dini ambayo watu wake walisafiri miezi kwa ajili ya hadithi moja, hili ni jambo la kusikitisha. Al-Khatib al-Baghdadi (aliyefariki 463 Hijria) aliandika kitabu kizima kuhusu safari hizo za kutafuta hadithi. Nacho, tuzingatie, ni kitabu chenye mada finyu.

Ufinyu wa mada ni dawa ya ugonjwa huu pia. Mada pana inaazimika kwa urahisi, kwani imeandikwa mara elfu. Swali dogo lililotoka katika mji wako, juu ya hati iliyo mbele yako, huna wa kumuazima.

Walivyofanya waliotutangulia

Huenda msomaji akasema: "Mbona wanavyuoni wetu waliandika vitabu vikubwa vya kila mlango?" Ni kweli, waliandika. Lakini tutazame waliviandika lini na vipi. Imam an-Nawawi (aliyefariki 676 Hijria), pamoja na elimu yake na baraka ya wakati wake, hakukamilisha al-Majmuu'. Alifika katika milango ya riba ndani ya kitabu cha biashara, mauti yakamkuta. Taqiyyud-Din as-Subki akaendeleza, naye hakumaliza. Basi mwanafunzi wa miezi sita anaahidi vipi kumaliza fiqhi ya ndoa yote?

Na pembeni ya vitabu vile vikubwa walikuwa na ada ya kuandika ajzaa, yaani vijitabu vya suala moja. Imam al-Bukhari (aliyefariki 256 Hijria), ambaye Sahihi yake tunaijua sote, ana juzuu juu ya kuinua mikono katika Swala, na juzuu nyingine juu ya kisomo cha maamuma nyuma ya imamu. Ibn Rajab al-Hanbali (aliyefariki 795 Hijria) ameandika risala nzima kuisherehesha hadithi moja, ile inayofananisha pupa ya mali na cheo na mbwa mwitu wawili wenye njaa walioachiwa katika kundi la kondoo. Ibn Hajar al-'Asqalani (aliyefariki 852 Hijria), ambaye tauni ilimchukulia mabinti zake, alikusanya Badhlu al-Maa'uun juu ya tauni: hadithi zake, hukumu zake na yaliyotokea katika zama zake. Msiba ulimpa swali, na elimu ikampa mipaka.

Hapa kwetu tuna mfano ulio bora. Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982), Rahimahu Allaah, ambaye tunaijua tafsiri yake ya Qur-aan ya mwaka 1969, alitoa mwaka 1972 kitabu alichokiita Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika. Lizingatie jina hilo neno kwa neno. "Baadhi": hakudai kuwamaliza wote. "Wanavyuoni": si masultani, si wafanyabiashara. "Wa Kishafi": si Maibadhi wala Mahanafi, ingawa Zanzibar ilikuwa nao na aliwajua. "Wa Mashariki ya Afrika": si Hadhramaut wala Makka, ingawa wengi wao walisoma huko. Kila neno ni ukuta. Ndani ya kuta hizo Sheikh alitupa walimu, wanafunzi wao, na nani kasoma kwa nani. Ndiyo maana watafiti waliokuja baada yake, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wanakirejea, na mwaka 1989 kikachapishwa kwa tafsiri ya Kiingereza. Lau angeandika "Historia ya Maulamaa wa Kiislamu", nani angekitaja leo?

Jinsi ya kuifinya mada: mfano wa wakfu

Maneno matupu hayatoshi. Natutoe mfano mmoja na tuufuate hatua kwa hatua, ili mwanafunzi aone kwamba kufinya mada ni kazi yenye kanuni na si kubahatisha. Kanuni zenyewe tunazo katika usuli wetu. Wanavyuoni wa usuli wanatufundisha kwamba hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu chenyewe, hivyo huanza kwa taswiri ya mas'ala. Kisha huainisha mahali pa mzozo, tahriru mahalli an-nizaa': wapi wameafikiana, na ni nukta ipi hasa wametengana. Aliyelijua hilo amekwisha kuijua nusu ya njia ya bahthi.

Tuseme mwanafunzi kutoka Mombasa anataka kuandika juu ya "Wakfu katika Uislamu". Ameona nyumba za wakfu zinagombaniwa, na nia yake ni njema. Tumuulize maswali yafuatayo.

La kwanza: wakfu wa aina gani? Kuna wakfu wa kheri, kama wa msikiti, kisima au madrasa. Na kuna wakfu wa ukoo, ambao mtu huizuia nyumba au shamba lake kwa manufaa ya watoto wake na kizazi chao. Migogoro aliyoiona ni ya ukoo. Basi ameshaiacha nusu ya bahari.

La pili: suala gani ndani ya wakfu wa ukoo? Msimamizi? Sharti la kuwatoa mabinti? Kuuzwa kwa nyumba iliyobomoka? Au kusihi kwenyewe kwa wakfu wa namna hiyo? Tuseme amechagua la mwisho.

La tatu: kwa madhhabu gani, mahali gani na zama zipi? Pwani ya Kenya, madhhabu ya Shafi'i, zama za ukoloni wa Uingereza. Hapa ndipo swali linapotokea, kwani katika zama hizo lilipita jambo kubwa. Mwaka 1894 Baraza la Privy Council la London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, liliamua katika kesi ya Bengal kwamba wakfu wa ukoo ambao maskini wametajwa mwisho kabisa, baada ya kizazi chote kukatika, ni batili, kwa kuwa sadaka yake ni ya jina tu. Waislamu wa India walilalamika, na mwaka 1913 ikatungwa sheria huko ya kuusahihisha wakfu wa namna hiyo. Lakini sheria ile ilikuwa ya India. Kesi ya wakfu wa ukoo kutoka Kenya ilipofika London, Baraza liliamua mwaka 1951 kwa msimamo ule ule wa 1894. Na mwaka huo huo wa 1951, sheria ya Makamishna wa Wakfu ya Kenya ikautambua wakfu wa ukoo kwa masharti, likiwemo kwamba mwisho wa manufaa yake uwe ni kwa maskini au kwa jambo jingine la kheri la kudumu.

Sasa mwanafunzi anaweza kuandika swali lake kwa sentensi moja: Je, msimamo wa Baraza la London wa mwaka 1951 kuhusu kubatilika kwa wakfu wa ukoo unaafikiana na kauli zinazotegemewa katika madhhabu ya Shafi'i?

Tazama jinsi swali hili lilivyo na uhai. Linajibika kwa ndiyo, kwa hapana, au kwa upambanuzi. Vyanzo vyake vinahesabika: hukumu yenyewe, ambayo imechapishwa katika ripoti za sheria, Minhaaj at-Taalibiin ya an-Nawawi katika kitabu cha wakfu, na sherehe zake mbili ambazo Mashafi'i wa zama za mwisho huzitegemea, Tuhfa ya Ibn Hajar al-Haytami na Nihaaya ya ar-Ramli. Asili yake katika Sunna inajulikana nayo ni moja: kisa cha 'Umar bin al-Khattaab (Radhiya Allaahu 'anhu) aliyepata ardhi Khaybar, akamtaka shauri Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), akamuelekeza kuizuia asili yake na kuyatoa sadaka mazao yake. 'Umar akaifanya isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, na kati ya aliowatajia manufaa yake wakawemo jamaa wa karibu. Hadithi hii wameipokea al-Bukhari na Muslim.

Na akifungua Minhaaj atakuta nini? Atakuta kwamba mtu akisema ameweka wakfu kwa watoto wake, asiongeze neno, kauli iliyo dhahiri zaidi ni kuwa wakfu umesihi. Waliotajwa wakimalizika, unabaki kuwa wakfu, na manufaa yake huenda kwa walio karibu zaidi na mwenye kuweka wakfu siku ile kizazi kilipokatika. Suala hili lina jina lake, munqati'u al-aakhir, yaani wakfu uliokatika mwisho wake. Atakuta tena kwamba hata wakfu kwa upande ambao haudhihiriki kuwa ni qurba, kama kwa matajiri, ni sahihi kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Lakini pia atakuta kwamba kujiwekea wakfu mtu nafsi yake hakusihi kwa kauli iliyo sahihi zaidi, na kwamba wakfu wa muda, kama wa mwaka mmoja, ni batili. Kwa hiyo hatoweza kusema kwa pupa kwamba Waingereza walikosea katika kila jambo, wala kwamba waliisoma fiqhi yetu sawasawa. Atalazimika kupambanua: ni hoja ipi ya Baraza inagongana na matini ya madhhabu, na ni masharti gani ya hati iliyokuwa mbele ya mahakama yangekataliwa hata na kadhi wa Kishafi. Hapo ndipo bahthi inapoanza kustahiki jina lake, na kila mwenye hati ya babu yake ndani ya sanduku atataka kuisoma.

Msomaji ataona pia faida ya istilahi. Mwanafunzi akitafuta neno "waqf" katika al-Maktaba ash-Shaamila, atagharikishwa, kwa kuwa neno hilo hilo ni la wakfu wa mali na la kusimama katika tajwidi. Akitafuta "munqati'u al-aakhir", anapelekwa moja kwa moja katika kurasa anazozihitaji, katika kitabu baada ya kitabu. Mada iliyofinywa vizuri humpa mtafiti ufunguo wa maktaba.

Vipimo vinne kabla ya kuandika

Kutokana na mfano huo tunaweza kutoa vipimo ambavyo mwanafunzi ajipime navyo, na mwalimu ampime.

Kwanza, mada iandikike kama swali moja lenye alama ya kuuliza mwisho wake. Ikihitaji maswali matatu, hizo ni bahthi tatu.

Pili, vyanzo vijulikane na vifikike. Kabla ya kuandika sura ya kwanza, mwanafunzi ataje vitabu au hati tano ambazo atazisoma kwa macho yake na kwa lugha yake ya asili. Asiyejua Kiarabu asichague khilafu za matini ya Kiarabu. Achague katika yale yaliyoandikwa kwa Kiswahili, nayo ni mengi: magazeti na vitabu vya Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), kwa mfano, yanangojea wasomaji makini. Na anayejua Kiarabu akumbuke kwamba hati za mkono za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zimepigwa picha za kidijitali kwa mradi wa maktaba ya Uingereza, na kwamba Zanzibar ina Nyaraka za Taifa. Vyanzo viko karibu yetu kuliko tunavyodhani.

Tatu, jibu liwe halijulikani. Mwanafunzi ajiulize: ni ushahidi gani nikiuona nitabadilisha rai yangu? Akikosa la kusema, basi hana swali, ana hotuba. Hotuba ina mahali pake pa heshima, napo ni mimbari.

Nne, pawe na wa kunufaika. Mas'ala isiyo na athari katika ibada, muamala au ufahamu wa watu juu ya tarekhe yao hata iwe finyu namna gani haina maana. Mada inaweza pia kufinywa hadi ikafa. Tumewaona waliochagua suala ambalo lina hati moja tu, nayo imo katika maktaba ya mbali wasiyoweza kuifikia, au tofauti ya lafudhi isiyobadilisha hukumu. Ufinyu unaotakiwa ni ule wa mlango: mdogo, lakini unaingia nyumbani.

Neno kwa walimu na kwa maimamu

Si haki lawama yote kumtupia mwanafunzi. Mara nyingi mada pana hutoka kwa mwalimu, au hupitishwa naye kwa sababu mada finyu humtaka na yeye asome upya. Kumsimamia mwanafunzi wa "Ndoa katika Uislamu" hakuhitaji kufungua kitabu. Kumsimamia yule wa wakfu kunamtaka mwalimu aifungue Tuhfa na aisome hukumu ya mahakama. Tunawaomba walimu wetu wasiikwepe taabu hiyo, kwani ni sehemu ya amana. Mwanafunzi akija na bahari, wasimkatalie kwa ukali, bali wamuulize maswali kama yale tuliyoyataja hadi afike kisimani. Saa mbili za mazungumzo mwanzoni zinaokoa miezi sita ya kunakili.

Na maimamu wanapopokea kijitabu kipya, waanze na jina lake. Wakiona kimeahidi kila kitu, wawe waangalifu kwa kila "wameafikiana" iliyomo, wairejeshe kwenye asili yake kabla ya kuipandisha mimbari. Wakiulizwa na waumini jambo ambalo kijitabu hakikulitosheleza, wasione haya kusema "sijui". Imam Malik (Rahimahu Allaah), imamu wa mji wa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), alijulikana kwa neno hilo, wala halikumpunguzia daraja yake. Kufinya mada, kwa hakika, ni namna ya kusema "sijui" mapema: mwandishi anakiri tangu kwenye jina la kitabu chake kwamba yaliyo nje ya kuta hizi hakuyachunguza.

Wako watakaotuambia kwamba umma una matatizo makubwa, na kwamba kuwashughulisha vijana na hati za nyumba na ibara za Minhaaj ni kupoteza nguvu. Tunawajibu kwamba matatizo makubwa huwafikia watu kwa sura ndogo. Hakuna mtu anayefika kwa kadhi kuuliza juu ya "Uislamu na Uchumi". Anakuja na karatasi mkononi, nyumba ya chumba na ukumbi, ndugu wanne na wapangaji wawili, naye anauliza: hii ni wakfu au ni mirathi? Jibu likikosewa, ama wakfu wa marehemu umebatilishwa bila ya haki, au warithi wamenyimwa fungu ambalo Allaah amewapangia katika Suratun-Nisaa. Vijana kumi wakiandika kila mmoja suala moja kama hili kwa uaminifu, kadhi na imamu watakuwa na majibu kumi wanayoweza kuyategemea.

Tunamuomba Allaah Aturuzuku elimu yenye manufaa, Awaongoze wanafunzi wetu na walimu wao, na Azijaalie kalamu zetu kuwa hoja kwa ajili yetu na si hoja dhidi yetu. Wa Allaahu A'lam.